Farasi Hajui Kama Leo ni Maonyesho

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi kwenye ukumbi wa shule, hapa kwetu Mufindi, mbele ya wazazi na vijana wanaojiandaa na maonyesho yao ya kwanza ya farasi. Ukungu ulikuwa mzito na barabara ya mashamba ya chai ilikuwa utelezi mtupu, kwa hiyo wengine hawakufika. Nimeandika kama nilivyosema. Mahali nilipokohoa tu ndipo nimepaacha.

Kamwene!

Naona wengine mnaitikia huku meno yanagongana. Wazazi wangu, wanangu, na wewe mzee wetu wa zizi uliyekaa kule nyuma karibu na mlango kama kawaida yako, asanteni kwa kuja na baridi hii. Wenye mablanketi msione aibu. Wiki tatu kuanzia leo, saa kumi na moja alfajiri, mtakuwa mmesimama kwenye nyasi zenye umande na mablanketi hayohayo, kwa hiyo hesabuni kuwa mmeshaanza mazoezi.

Mmenialika niwaambie namna ya kujiandaa. Nitasema mengi, maana nikishika kipaza sauti siachii, mnanijua. Lakini yote yanatoka kwenye shina moja, nalo ni hili: farasi hajui kama leo ni maonyesho.

Farasi hana kalenda. Hajui kuwa shangazi yako amepanda basi kutoka Makambako, simu mkononi, kuja kukupiga picha. Hajui nani ni jaji. Kwake yeye leo ni Jumamosi kama Jumanne. Sasa siku hiyo ukimwona anatetemeka, masikio yanazunguka, jasho linamtoka kabla hata hajatembea, swali ni moja. Nani kamwambia?

Nani kamwambia?

Naam. Wewe.

Niwape kisa. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kule Berlin, Ujerumani, alikuwepo farasi aliyeitwa Hans. Mwenye farasi alikuwa mwalimu wa hesabu, Wilhelm von Osten. Hans aliulizwa tatu jumlisha nne, akagonga kwato chini mara saba, akaacha. Watu wakafurika uani kumtazama. Mwaka 1904 ikaundwa tume ya wasomi ichunguze ujanja uko wapi. Wakatafuta, wakakosa. Mzee wa watu hakuwa tapeli, aliamini kabisa kuwa farasi wake anajua hesabu.

Ndipo akaja mtafiti mmoja, Oskar Pfungst, ambaye mwaka 1907 aliandika alichokiona. Alifanya jambo dogo tu. Alimweka muulizaji ambaye mwenyewe hajui jibu. Hans akagonga, akagonga, akapitiliza. Halafu akamzuia Hans asimwone muulizaji. Hans akapotea kabisa. Kumbe yule farasi hakuwa akihesabu namba, alikuwa akimsoma mtu! Muulizaji akishauliza, bila kujijua huinama kidogo na kukaza mwili. Hesabu ikifika, kichwa chake huinuka kidogo mno, na pumzi inamtoka. Wasomi wa tume nzima hawakuliona hilo. Hans aliliona.

Sasa wanangu, farasi wa Berlin aliona kichwa cha mtu aliyesimama kando kikiinuka kiasi cha unene wa ukucha. Wewe umekaa juu ya mgongo wake. Mapaja yako yamemgusa, vidole vyako vimeshika hatamu, na hatamu imeungana na lijamu lililo ndani ya kinywa chake, juu ya ulimi. Utamficha nini?

Ndiyo maana nikiona kijana anasubiri zamu yake huku amebana pumzi, namwambia aimbe. Ndiyo, aimbe. Wimbo wa kwaya, Bongo Fleva, wimbo wa shule, chochote. Mtu hawezi kuimba na kubana pumzi kwa wakati mmoja, jaribuni hapohapo mlipo muone. Mwaka juzi kulikuwa na binti mmoja hapa, mwoga kweli, mikono yake ikiingia uwanjani inakaza kama anavuta maji kisimani. Tukamfundisha kuimba kimoyomoyo halafu kwa sauti. Akaingia uwanjani anaimba "Heri ya kuzaliwa" tangu mlangoni mpaka mlangoni. Jaji akadhani ni siku yake ya kuzaliwa, akampongeza. Lakini farasi alikwenda kama maji ya mfereji.

Na mikono, jamani. Shika hatamu kama umeshika kifaranga. Ukikaza, unamuua. Ukilegeza, mwewe yupo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma mwenyewe, nalo ni maonyesho yangu ya kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa zizi kwenye shamba moja upande wa huku, na mwenye shamba alikuwa na mchezo wa kuwapa farasi wake majina ya pombe. Kulikuwa na Komoni, baba wa nani hii... hapana, huyu Komoni wetu wa leo alirithi jina tu. Na kulikuwa na jike moja jekundu, tumbo kubwa, mvivu, mwerevu kuliko sisi sote, aliyeitwa Ulanzi. Huyo ndiye nilipewa.

Nikasema, siku ya maonyesho lazima ang'ae. Dada yangu alikuwa msusi. Nikamwomba amsuke Ulanzi singa za shingoni. Naye, kwa mapenzi, akamsuka twende kilioni. Kazi ikatoka kweli, mistari imenyooka, imekaza, inapendeza. Mama zangu hapa mnajua ukisukwa twende kilioni ya kukaza unalalaje usiku wa kwanza. Hulali. Basi na Ulanzi hakulala. Asubuhi anatikisa kichwa, anajikuna shingo kwenye nguzo, amevuruga nusu ya misuko, mkia unapiga huku na huku.

Halafu nikachukua mafuta nikapaka tandiko zima, mpaka pale pa kukalia. Linametameta! Nani amewahi kukaa kwenye benchi lililomwagikiwa mafuta ya alizeti? Basi.

Lakini kilichonimaliza ni mkanda. Mkanda wa tumbo, huu unaolishika tandiko lisizunguke. Ulanzi alikuwa na tabia ambayo farasi wengi wanayo. Ukimfunga mkanda anavuta pumzi na kujaza tumbo. Unakaza, unaona umebana sawasawa. Akitembea hatua ishirini anaishusha pumzi yake, na mkanda unabaki unaning'inia kama mshipi wa mtu aliyekonda. Nyumbani baba alikuwa anaukaza mara ya pili kila siku baada ya kutembea kidogo. Kila siku. Siku ile nilisema mimi nimekuwa mkubwa, nitafunga mwenyewe. Nikafunga mara moja, nikapanda, nikaingia.

Kona ya kwanza, salama. Kona ya pili tandiko likaanza kuondoka, nami nikaondoka nalo, polepole, bila haraka, kama mtu anayeshuka kitandani. Nilipita mbele ya jaji nimelala ubavuni mwa Ulanzi, mguu mmoja angani, nimeshika ile misuko ya dada. Na hata hivyo nakumbuka nilimwamkia jaji, "Shikamoo." Akaitikia, maskini. Halafu nikafika chini kwenye tope. Ulanzi akasimama, akaninusa, akaanza kula nyasi.

Mnacheka. Chekeni, mimi mwenyewe imenichukua miaka.

Lakini angalieni kosa liko wapi. Ni kwamba kila nilichofanya siku ile kilikuwa kipya. Misuko mipya, mafuta mapya, mfungaji mpya. Ulanzi hakuwa amebadilika hata kidogo. Mimi ndiye niliyemletea sikukuu.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii: siku ya maonyesho, kisivaliwe kitu ambacho hakijavaliwa nyumbani. Viatu vipya? Vivae wiki mbili kabla, upandie farasi navyo, utembelee navyo zizini vichafuke. Unataka kumsuka farasi? Msuke Jumatano ya kawaida, uone kama anakubali. Na kama hajui kusukwa, mchane tu. Jaji wa wanaoanza anatazama usafi na namna unavyokaa. Mkanda kaza, tembea dakika chache, kaza tena. Mara mbili. Semeni.

(Ukumbi: Mara mbili!)

Hapohapo kwenye mavazi, niseme mawili ya usalama, nayo siyasemi kwa mzaha. Mzazi mmoja, ambaye simtaji maana namheshimu, alileta helmeti ya bodaboda. Alifanya jambo la upendo. Lakini ile ni nzito kwa shingo ya mtoto, na inamziba asione pembeni. Helmeti ya farasi imetengenezwa kwa kuanguka kwa aina nyingine, kutoka juu ya mnyama, na huenda ukaangukia ubao au kwato. Ikishapigwa vibaya mara moja, hata kama huoni ufa, imekwisha kazi yake. Usimrithishe mdogo wake.

La pili, miguu. Viatu viwe na kisigino kifupi na soli isiyo na meno makubwa. Kwa nini kisigino? Kinauzuia mguu usipenye wote ndani ya kikuku cha tandiko, kile chuma cha kukanyagia. Mguu ukipenya na ukaanguka, farasi anakuburuta. Gambuti zetu za shambani, nazipenda, zinatufaa kwenye chai, lakini meno yake yananasa kwenye kikuku. Raba hazina kisigino kabisa. Hilo halina mjadala.

Sasa kelele. Ee, kelele. Nyumbani kwetu huku ni kimya, unasikia mkaratusi unalia kwa upepo na lori moja moja linakata breki kule barabara kuu. Kwenye maonyesho kuna spika, turubai linapiga papapa, watoto wana maputo, kuna mwavuli unafunguliwa ghafla, kuna watu mia wanaopiga makofi. Farasi anaona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya pua na nyuma kabisa ya mkia. Kila kinachotikisika anakiona. Na asili yake ni mnyama wa kuliwa. Yeye hawezi kusema "ngoja nitazame ni nini." Yule babu yake aliyengoja atazame, simba alimla, hakuacha mtoto.

Tufanyeje? Tulete maonyesho nyumbani. Mwezi uliopita mzee wetu alifunga viroba vya mbolea kwenye uzio wote wa mashariki, na wengine mkaniuliza kama zizi limegeuka jalala. Sivyo. Siku ya kwanza Komoni alipita mbali, mita kumi, macho meupe. Siku ya tatu, mita tano. Wiki ya pili nilimkuta anatafuna kiroba. Hapo tukaongeza mwavuli. Tukaongeza redio. Wiki hii nawaomba wazazi wanne waje Jumatano jioni na sufuria na vijiko. Kaeni mbali mwanzoni, gongeni kwa upole, ongezeni kidogo kidogo. Akishtuka, msimpige na msimkemee. Ukimpiga farasi kwa kushtuka unamthibitishia kwamba kile kitu kweli ni cha hatari, maana kila akikiona anaumia.

Na baridi nayo! Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna hili zaidi ya wengine. Asubuhi ya Julai yenye upepo, farasi anakuwa mwepesi, ana nguvu za kuchezea, anaruka kwa kitu ambacho saa saba mchana asingekigeuzia hata sikio. Kwa hiyo mpashe mwili taratibu, zaidi ya mlivyozoea. Mtembeze kwanza. Matembezi, halafu matiti, halafu ndiyo shoti.

Naona vijana mnagongana viwiko. Najua. Kila mwaka nikisema "matiti" ukumbi unaniharibikia. Lakini Kiswahili chetu kina neno hilo kwa mwendo wa farasi tangu enzi za wazee wa pwani, na shoti ni mbio, na telki ni ule mwendo wa punda wa harakaharaka. Msinilazimishe niazime ya wenzetu wakati ya kwetu yapo. Kwenye matiti miguu inakwenda miwili miwili, wa mbele kulia na wa nyuma kushoto pamoja, kisha wengine. Tak-tak, tak-tak. Ukiwa unazunguka uwanja unainuka na kukaa, unainuka na kukaa. Unainuka lini? Tazama bega la farasi lililo upande wa nje, upande wa uzio. Likienda mbele, inuka. Likirudi, kaa. Usiku mkilala muwe mnaliona hilo bega.

Haya, safari. Maonyesho yako mbali, lazima farasi apande gari. Mwaka fulani tulipanga kuondoka saa kumi na moja na nusu, Fuso limekuja, ubao wa kupandia umewekwa, Komoni akaweka mguu mmoja, ubao ukalia "gwii", akarudi nyuma. Hakupanda mpaka saa mbili. Tulivuta, tulisukuma, mmoja akaleta karoti, mwingine akaleta fimbo, mwingine akaleta maombi. Tulifika kundi letu limeshamaliza. Watoto walilia njia nzima kurudi, na Komoni alisimama nyuma amepumzika kabisa.

Kosa la nani? Farasi alikuwa anaona pango jeusi linalonuka ng'ombe wa jana, lenye sakafu inayopiga kelele. Mimi nisingepanda. Mwaka huu gari linakuja siku kumi kabla, litaegeshwa zizini, na Komoni atakula chakula chake cha jioni humo ndani kila siku. Sakafuni tutamwaga maranda, na kwa maranda Mungu ametubariki, Mafinga nzima ni viwanda vya mbao. Yanazuia utelezi, yanaua sauti, na yananuka kama zizi lake mwenyewe. Unaona? Hata gari lisiwe jipya kwake.

Maji yake tunayabeba kwa madumu kutoka nyumbani. Farasi wengine hawanywi maji yenye ladha ngeni, na farasi mkubwa anahitaji lita 25 mpaka 50 kwa siku. Majani makavu ale njiani kidogo kidogo. Pumba na nafaka msimpe karibu na kupandwa. Tumbo lake ni dogo kwa mwili wake, na farasi hawezi kutapika. Kinachoingia vibaya hakirudi kwa njia iliyoingilia. Nimeona farasi akifa kwa msokoto wa tumbo. Sitaki mwone.

Mama mmoja aliniuliza mlangoni, kwa nini babu zetu hawakupanda farasi, je, huu si mchezo wa wazungu? Mama, nakujibu mbele ya wote. Babu zetu walibeba mizigo kichwani kutoka bara mpaka pwani siyo kwa kukosa akili. Ndorobo, yaani mbung'o, walikuwa wanaua wanyama wa kubeba. Na kuna homa ya farasi ya Afrika, virusi vinavyoenezwa na usubi, vile vidudu vidogo vya jioni, nayo huua farasi wengi wanaoipata. Punda huistahimili, pundamilia ndiyo kabisa, farasi hapana. Huku kwetu juu, penye baridi, usubi ni wachache. Kwa hiyo milima hii ni ya farasi kuliko bonde lolote la nchi hii. Ndiyo maana nasema chanjo iwe imechanjwa mapema, na tukishuka tambarare farasi awe ndani kabla jua halijazama.

Na kuhusu ni mchezo wa nani, msikilize hili. Denmark kulikuwa na mwanamke, Lis Hartel. Mwaka 1944, akiwa mjamzito, alipata polio. Kuanzia magotini kwenda chini miguu ikafa ganzi ya kufa. Alianza upya, akajifunza kutambaa, kutembea na magongo, na kupanda tena. Mwaka 1952, Olimpiki ya Helsinki, ndiyo mara ya kwanza wanawake waliruhusiwa kushindana katika mtihani wa mwendo wa farasi, ule wa kufuata njia iliyopangwa huku jaji anatoa alama. Alisaidiwa kupandishwa juu ya jike lake, Jubilee. Akashindana na wanaume, maana mchezo huu wanaume na wanawake hushindana pamoja, na akapata medali ya fedha. Mwaka 1956 akaipata tena. Sisi tunawapigia kelele watoto, "Piga miguu! Piga miguu!" Huyu alimwongoza farasi kwa mgongo na uzito wa mwili tu. Jubilee alikuwa anamsoma kama Hans.

Sasa uwanjani kwenyewe, nitapita haraka kwa sababu Jumatano tutauchora kwa chokaa. Uwanja wenu ni mita 20 kwa 40. Pembeni kuna herufi, na herufi zenyewe hazifuati alfabeti, usiniulize kwa nini. Unaingia A. Kushoto kwako ni K, halafu E, halafu H, mbele yako kabisa ni C ambako jaji amekaa, kisha M, B, F unarudi A. Watoto wa mwaka jana walitunga, nanyi mkariri: Asha Kamwita Eva, Haya, Chapati, Maharage, Bamia, Figili. Asiyekula bamia atapotea kati ya M na F.

Unanyoosha katikati, unasimama, unashika hatamu kwa mkono mmoja, mwingine unaushusha ubavuni, unainamisha kichwa. Hapo ndipo salamu. Siyo "Shikamoo" ya ubavuni. Kila tendo lina alama kuanzia 0 mpaka 10. Ukisahau njia, jaji atapiga kengele. Kengele siyo ya kufukuzwa! Kuna kijana wetu aliisikia akatoka nje ya uwanja analia, kumbe jaji alitaka tu kumwonyesha arudi E. Unapoteza alama kidogo, unaendelea. Mashindano mengi ya wanaoanza huruhusu mtu akusomee njia kwa sauti. Tumieni, hakuna aibu.

Mnaoruka fito: bendera nyekundu iwe kulia kwako, nyeupe kushoto. Kabla ya zamu mtaruhusiwa kuupita uwanja kwa miguu. Msiende kupiga soga. Hesabu hatua. Hatua moja ya shoti ya farasi mkubwa ni kama mita 3.6, yaani hatua zako nne za kurefusha. Fito ikianguka ni alama 4 za kosa, na ikishaanguka usigeuke kuitazama. Wewe ukigeuza kichwa, mabega yanageuka, na farasi anafuata mabega. Anakwenda unakotazama.

Mwisho wazazi. Nawapenda. Lakini mtoto akiwa ndani ya kamba, nyamazeni. Kumwelekeza kutoka nje kunaweza kumfanya atolewe. Na usimuulize mwanao akitoka, "Umekuwa wa ngapi?" Muulize, "Komoni kanywa maji?" Akijibu kuwa hajamnywesha, mrudishe. Amnyweshe, alegeze mkanda, achokoe kwato zote nne, ndipo aje kula chipsi.

Maswali nitayajibu nje, maana mzee wetu ameshanionyesha saa mara mbili. Komoni amefungwa pale kwenye mkaratusi, na viroba vipo. Tutoke. Anayeanza kuinua kwato ya nyuma ni nani? Siyo wewe, wewe jana ulifanya. Yule mwenye sweta la kijani aliyejificha nyuma ya mama yake. Njoo, mwanangu. Pitia begani kwanza akuone, usimtokee nyuma. Na imba.